Mafundo Matatu na Kijiti Kimoja

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, nilikuwa namfunga mume wangu.

Msicheke. Nitawaeleza.

Mimi naitwa Minza, na mume wangu ni Ndaki. Sisi ni Wasukuma. Tulifika Kapalamsenga mwaka 1992 tukiwa na ng'ombe kumi na wanane, plau moja, na binti yetu Kashinje mgongoni. Kwetu ni mbali, upande wa Kahama. Tulikuwa tunafuata majani. Tulipopanda kilima cha mwisho, ng'ombe walisimama wenyewe. Mbele yetu nchi iliisha. Palikuwa na bluu tu, chini mpaka juu, na hukuweza kujua maji yanaishia wapi. Ndaki aliniuliza taratibu kama mbingu imeshuka. Nikamwambia mimi nitajuaje, sisi sote tumetoka nyumba moja. Tukakaa pale juu tunaliangalia Ziwa Tanganyika mpaka Kashinje akalia njaa.

Toka siku ile mume wangu hakuwa mzima. Alikuwa anachunga macho yakiwa majini. Alikuwa analima, anasimamisha plau katikati ya mfereji, anaangalia matanga yanavyopita. Mimi nilikuwa namtania kwamba ameoa mke wa pili na mke mwenyewe ni ziwa.

Kijijini alikuwepo mtu mmoja, Severini, mwenyeji wa pale pale. Alikuwa na mtumbwi wa mbao wenye tanga kubwa. Kazi yake ilikuwa kuchukua migebuka kambini kwa wavuvi na kuipeleka sokoni Karema. Sasa samaki hamsubiri mtu. Jua likipanda kabla hujafika, unakwenda kuuza harufu. Kwa hiyo Severini alitaka mtumbwi wake ukimbie.

Mtumbwi wa tanga ukikimbia unalala upande. Ili usipinduke, mtu mmoja anatoka nje kabisa. Anakanyaga ukingo wa mtumbwi upande unaotoka upepo, anaegemea nyuma juu ya maji, na uzito wake unausimamisha mtumbwi. Anashikilia kamba inayotoka juu ya mlingoti. Sisi tulimwita mtu wa kamba. Mtu wa kamba wa Severini alihamia Kigoma, na Severini akamtazama Ndaki. Mume wangu ni mrefu, mzito, mikono yake imezoea plau. Kuogelea alikuwa hajui hata kidogo. Alikubali kabla mwenzake hajamaliza kuuliza.

Ng'ombe nikabaki nao mimi. Nilikuwa nawachungia kwenye mteremko, mahali ambapo ziwa lote unaliona. Karibu saa tatu tanga lilikuwa linatokea. Nilikuwa namwona Ndaki, mdogo kama kidole, amelala hewani. Miguu yake iko mtumbwini, mwili wote uko nje, na chini yake maji yanang'aa. Alionekana kama mtu aliyelala usingizi mzuri. Nilikuwa naangalia na mimi nasahau nilipo. Siku mbili ng'ombe waliingia kwenye mihogo ya watu kwa sababu hiyo, nikagombezwa, na walikuwa na haki ya kunigombeza.

Shida ilikuwa mikono. Kamba ilimchuna viganja mpaka akashindwa kushika kijiko cha uji. Ndipo Ndaki akatumia akili yake. Alichukua ngozi ya ng'ombe, akakata mkanda mpana wa kuzunguka kiuno na makalio. Mbele ya mkanda akafunga kulabu, kile chuma kilichopinda tunachoshikishia mnyororo wa plau. Mwisho wa kamba ya mlingoti akaweka kitanzi. Akiingiza kitanzi kwenye kulabu, ananing'inia kwa kiuno, mikono haina kazi.

Watu walikuja kuushangaa ule mkanda. Wengine walimuuliza kama haumlemei. Aliwajibu kwamba ng'ombe haelemewi na nundu yake.

Lakini kitanzi kilikuwa kinachomoka. Mtumbwi ukiruka wimbi, kamba inalegea, kitanzi kinatoka kwenye kulabu. Siku moja kilitoka, Ndaki akaanguka majini, Severini akamvuta kwa ukosi wa shati. Alirudi nyumbani anacheka, shati limelowa. Mimi sikucheka. Usiku wa moyo wangu uliingia mchana ule ule. Nilimwambia, "Baba Kashinje, kwetu ng'ombe unayempenda unamfunga. Asiyefungwa ni wa fisi."

Kesho yake nilimsindikiza mpaka ufukweni. Alipoingiza kitanzi kwenye kulabu, nilichukua ukanda wa ngozi mbichi, nikaziba mdomo wa kulabu, nikakaza. Nilipiga mafundo matatu. Ni mafundo aliyonifundisha baba yangu, ya kumfungia dume mkali. Fundo la kwanza lilikuwa langu, la pili la Kashinje, la tatu la yeye kurudi. Nilifanya hivyo kila siku. Nilijivuna, siwezi kuficha. Hapakuwa na fundo langu lililowahi kufunguka.

Pale ufukweni alikuwepo mama Josephina, dada mkubwa wa Severini. Yeye ndiye aliyekuwa anashona matanga ya kijiji kizima, na alianza kupanda mitumbwi kabla hajaota meno, hivyo ndivyo walivyosema watu. Alikuwa ananiangalia nikifunga. Asubuhi moja aliacha sindano yake akaniuliza, "Mwanangu, hilo fundo atalifunguaje akiwa ndani ya maji?"

Nikamjibu kwamba halifunguki, na ndiyo maana ya fundo. Aliniomba nifikirie tena. Nilikasirika. Niliona watu wa ziwa wanatudharau sisi watu wa ng'ombe. Nikaondoka bila kuaga, tabia ambayo mama yangu asingeipenda.

Ilikuwa mwezi wa nane. Kusi ilikuwa inavuma tangu alfajiri. Nilikuwa mteremkoni, na tanga lilikuwa linarudi kutoka Karema, jeupe, limejaa. Lilikuwa limeshakaribia. Niliweza kuona kofia ya Severini. Ziwa lilikuwa na mawimbi meupe mgongoni, na mimi nilikuwa nayahesabu kama ndama, polepole, najisahau.

Upepo ukageuka. Uliacha kuvuma, halafu ukashuka ghafla kutoka milimani, nyuma yangu. Nilisikia majani yanalala. Nikaona tanga linayumba, linapiga upande wa pili. Mtumbwi ukalala, ukapinduka. Ndaki alirushwa akaangukia kwenye tanga, na tanga likazama naye.

Kikatokea kichwa kimoja. Nikangoja cha pili.

Hakikutokea, na mimi kabla ya mtu mwingine yeyote nilijua kwa nini. Vidole vyangu vilijua. Niliwaacha ng'ombe, nikakimbia. Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nafungua fundo hewani kwa mikono miwili huku nakimbia, nafungua, nafungua.

Severini alipiga mbizi na kisu cha samaki. Mara ya kwanza alirudi juu mikono mitupu, mara ya pili akaufikia mkanda akaukata. Mama Josephina alikuwa ameshasukuma mtumbwi mdogo. Nilipofika mchangani walikuwa wanamshusha. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mama Josephina alimlaza chali, akainamisha kichwa chake nyuma kidogo, akambana pua, akampulizia pumzi mdomoni. Akapuliza tena na tena, hana haraka, kama mtu anayewasha moto wa kuni mbichi. Mimi nilikuwa nimemshika mguu. Mguu ulikuwa wa baridi.

Akakohoa. Maji yakatoka. Mama Josephina akamgeuza ubavu ili asipaliwe. Watu wakamshukuru Mungu, na mimi nikakaa chini mchangani.

Tulimpeleka zahanati. Ndaki alisema amepona, anataka nyumbani. Mganga alikataa. Alituambia mtu aliyemeza maji kifuani anaweza kuonekana mzima halafu pumzi ikamgeuka baadaye, kwa hiyo lazima aangaliwe. Akamlaza siku mbili.

Pale kitandani ndipo Ndaki aliponiambia alichokiona. Alisema kule chini ni kijani. Jua linaingia kupitia tanga, linakuwa kama mwanga wa shamba la mpunga. Hakuna kelele. Alisikia kengele ya ng'ombe wetu Mabala, yule tuliyemwacha Kahama, na akamwona baba yake anakuja na kibuyu cha maji. Alisema ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomtisha baadaye.

"Nilitafuta kulabu kwa mkono," akasema. "Nikayakuta mafundo, nikayagusa yote matatu. Nikajua ni ya kwako. Nikasema basi, Mama Kashinje hajawahi kufunga vibaya."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama anavyosema siku zote, akinisifu. Nilitoka nje, nikaegemea ukuta wa zahanati, nikalia mpaka muuguzi akaja kuniuliza kama mgonjwa wangu amefariki.

Alipopona, Ndaki aliniambia hawezi kuacha ziwa. Mimi nilimwambia akiingia tena majini na mkanda ule, basi nami nitarudi kwetu na Kashinje. Tukanyamaza siku tatu. Nyumba ambayo watu hawaongei ni mbaya kuliko nyumba inayovuja.

Siku ya nne mama Josephina alikuja kwetu Kapalamsenga juu. Alibeba mkanda uliokatwa. Nilimpa kigoda na maziwa mgando, na kabla hajanywa nilimwomba msamaha. Alisema hakuja kuchukua msamaha, alikuja kuuliza swali. Akamgeukia Ndaki.

"Wewe unalima na ng'ombe. Ng'ombe akianguka chini akiwa amefungwa nira, unafanya nini kwanza?"

Ndaki akasema, "Nachomoa kijiti cha nira. Nisipochomoa, nira itamnyonga."

"Humvuti kwanza?"

"Hapana. Nikimvuta ndiyo nitamuua."

"Basi," akasema mama Josephina. Akauweka mkanda katikati yetu.

Kuku alipita juu ya mkanda. Ndaki aliuangalia, halafu akaniangalia, na mimi nikaona aibu na furaha pamoja. Jambo lilikuwa nyumbani kwetu siku zote. Kila ng'ombe wetu alikuwa na kijiti cha kumwokoa, na mume wangu nilimnyima.

Mama Josephina alituambia habari za mume wake, marehemu Melkior. Naye alikuwa mtu wa kamba. Aliifunga kamba kiunoni akaizungusha mara mbili. Mtumbwi ulipinduka karibu na ufuko, maji ya kufika shingoni tu. "Maji hayakumchukua," alisema. "Kamba ndiyo iliyomzuia kusimama." Alisema kamba nzuri inafanya kazi mbili. Inashika wakati wa kushika, na inaachia wakati wa kuachia. Kama inajua kushika tu, hiyo ni mtego.

Kisha akatuonyesha kile chuma. Alisema hata bila mafundo yangu, kulabu ni adui. Mtumbwi ukipinduka, kamba zote na tanga vinazagaa majini, na kulabu inanasa chochote inachokutana nacho. Unaweza kuwa umeshajitoa, ikakunasa mara ya pili. Kwa hiyo kiunoni pasiwe na kitu kilichopinda, pawe laini.

Tulifanya kazi siku ile ile. Ndaki aling'oa kulabu akairudisha kwenye plau, mahali pake. Mbele ya mkanda mpya akashona kitanzi kifupi cha ngozi. Kitanzi hicho kinapita ndani ya kitanzi cha kamba ya mlingoti, halafu kijiti kinachomekwa katikati kukizuia kisirudi. Kijiti kikiwepo, mtu ananing'inia. Kijiti kikichomoka, kila kitu kinaachana. Kijiti nilikichonga mimi. Nilikichonga chembamba huku, kinene kule, nikakisugua kwa mchanga mpaka kikawa laini, nikakipaka samli. Upande mnene nilifunga kitambaa chekundu kirefu, ili mkono ukipate hata macho yakiwa yamefumba.

Mama Josephina alisema kitu kisichojaribiwa usikiamini. Tukafunga kamba kwenye tawi la mninga ulio nyuma ya zizi. Ndaki akaning'inia kwa uzito wake wote, akavuta kitambaa. Kijiti kikagoma. Nikakichonga tena, nikaongeza samli. Mara ya pili akavuta, akaanguka kwa makalio kwenye kinyesi cha ng'ombe. Kashinje alicheka mpaka akagaagaa. Ndaki alivuta kwa mkono wa kulia, alivuta kwa mkono wa kushoto, alivuta kichwa kikiwa chini. Aliporudi ndani alikuwa ananuka zizi zima, na tulikuwa tunaongea tena.

Lakini zizi si ziwa. Wiki nzima mama Josephina na Severini walimpeleka Ndaki kwenye maji ya kifuani, karibu na mchanga. Walimfundisha kuelea kwanza, ndipo kuogelea. Halafu waliupindua mtumbwi makusudi, tanga likiwa wazi. Ndaki alijifunza kuvuta kitambaa kabla ya kufanya jambo lolote. Alijifunza kwamba ukiwa chini ya tanga usipapatike. Unaliinua kwa kiganja, unapata hewa kidogo, unashika mshono na kuufuata mpaka ukingoni. Ukitoka, unashika mtumbwi, huuachi mtumbwi, kwa sababu mtumbwi unaelea na unaonekana. Na kila mara Severini aliita kwa sauti jina la mwenzake mpaka ajibiwe.

Mama Josephina alimshonea fulana nene yenye vipande vya maboya ya wavu ndani yake. Akampa na kisu kifupi ndani ya ala, kifuani, mahali mkono wowote unapofika. Alisema kisu ni cha siku kijiti kitakapokataa, maana siku hiyo nayo ipo.

Mimi nilikaa mchangani naangalia. Siku ya tano mama Josephina aliniita niingie. Nilisema watu wa ng'ombe hatuingii. Alisema hata ng'ombe wanaingia. Niliingia na kanga yangu. Alinishika mgongo, nikalala juu ya maji, masikio yakazama, na kelele zote zikaisha. Juu palikuwa na bluu, chini palikuwa na bluu. Nikaelewa kwa nini Ndaki anapenda kulala kule nje. Sikutaka kuamka.

Ndaki alirudi kazini mwezi wa tisa. Nami niliendelea kumsindikiza asubuhi, ila kazi yangu ilibadilika. Nilikuwa nachomeka kijiti, halafu namwambia avute. Kikitoka vizuri ndipo nachomeka tena na kumwacha aende. Asubuhi za mwanzo vidole vilikuwa vinaniwasha. Vilitaka kufunga. Ni kazi ngumu kumpenda mtu na kumwachia njia ya kutoka.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata, mvua zikiwa bado zinanyesha, tanga halikuonekana saa tatu. Saa nne halikuonekana. Saa tano nilikuwa nimesimama mteremkoni, nimenyeshewa, nimeshika fimbo ya kuchungia kwa nguvu mpaka ikaniumiza. Ziwa lilikuwa na ukungu. Nilijiambia nisihesabu kitu chochote.

Halafu ukungu ukasogea, nikaona mtumbwi. Hauna tanga, mlingoti umevunjika. Watu wawili walikuwa wanapiga kasia taratibu. Nilihesabu vichwa. Nilihesabu tena.

Nilishuka bila kukimbia, kwa sababu nilitaka kufika mzima. Ndaki alishuka majini, fulana yake ya maboya inachuruzika. Severini alinieleza kwamba dhoruba iliwapindua mbali, mahali hakuna anayefika chini, na kwamba Ndaki ndiye aliyetokea wa kwanza na kuanza kumwita yeye kwa jina. Walishikilia mtumbwi mpaka upepo ulipotulia, wakaugeuza, wakakomba maji kwa dumu.

Ndaki alishika mbele ya mkanda wake, palipokuwa na kijiti. Palikuwa patupu.

"Mama Kashinje," akasema, "kijiti chako nimekipoteza."

Nilicheka huku nalia, mbele ya watu wote, sikujali. Nikamwambia kipotee tu. Vipotee hata mia.

Sasa watu wote wa kamba wa ufuko wetu wanatumia kijiti, na wengi wanakuja kwangu niwachongee. Jioni nakaa mlangoni, ng'ombe wamerudi, Kashinje anasugua kwa mchanga, mimi napaka samli. Ziwa lipo pale chini, bluu juu ya bluu. Kwenye paa nimechomeka vijiti vipya kumi na viwili, vya mume wangu, vyenye vitambaa vyekundu. Navichonga vizuri sana ili vichomoke.